KUFUFUA INJINI YA MSUMENO KWA SPEA ZILIZOKWISHA TUMIKA

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Huku Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, msumeno wa injini hulisha jamaa nzima. Ukifa, mwenyewe hukosa kazi, na fedha za kununua mwingine hana. Lakini msumeno mbovu uliokwisha tupwa waweza kuutolea mwenziwe spea. Nitaeleza namna ya kufanya, nikitwaa mfano wa Stihl 070 wa Ujerumani.

Injini hii ni ya mapigo mawili. Pistoni ikipanda, petroli iliyochanganywa na oili hufyonzwa katika sanduku la kranki. Ikishuka, mchanganyiko husukumwa juu ya pistoni, tayari kuwashwa na cheche ya plagi. Oili hiyo iliyomo katika petroli ndiyo pekee inayolainisha vyuma vya ndani. Kipenyo cha silinda ni milimita 58, na pistoni husafiri milimita 40. Ukikokotoa 22/7 × 2.9 × 2.9 × 4, wapata sentimita za ujazo 106 hivi. Basi chukua rula yako ya kupimia unapotafuta spea, usiamini macho.

Kwanza, tafuta kilichoiua injini. Pistoni iliyokwaruzika pande zote mara nyingi yaonyesha petroli isiyotiwa oili. Mikwaruzo upande wa kabureta yaonyesha vumbi lililopita kwenye chujio. Mikwaruzo upande wa ekzosi huashiria joto kupita kiasi, na huenda hewa inapenya mahali, petroli ikawa haba. Ukitia pistoni nyingine bila kujua sababu, nayo itakufa vivyo hivyo.

Pili, chagua silinda. Nyingi ni za aluminiamu, na ndani zina ngozi nyembamba ya kromiamu. Pitisha ukucha: kama ngozi imebanduka, itupe. Kama ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia tu, isugue polepole kwa msasa laini.

Tatu, pima ringi. Itumbukize peke yake katika silinda, uisawazishe kwa kichwa cha pistoni, kisha upime mwanya kati ya ncha zake. Kwa kipenyo cha milimita 58, mwanya wa milimita 0.23 hivi wafaa. Ukiwa mpana mno, nunua ringi mpya. Klipu za pini ya pistoni, gasketi na sili za kranki pia ziwe mpya. Bei yake ni ndogo kuliko hasara yake.

Nne, unga. Mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye vijipini vyake, ama zitanasa na kuvunjika.

Tano, ziba matundu yote kwa mpira, pampu hewa kidogo, upake povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifura, pana ufa. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa injini huwaka hata ikivuja. Kweli huwaka, lakini hujiunguza yenyewe.

Mwisho, changanya petroli kama kopo la oili lisemavyo. Kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa msumeno, ukuta huo ni pistoni nyingine, silinda nyingine, na siku nyingi za mtu bila kazi.