Mpaka Ulichorwa Lini? Baraza la Mji na Mashindano Makubwa

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliagiza kila mwandishi wa Kidato cha Tatu achague jambo moja la uraia na alieleze kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kile cha kutafuta misamiati mizito ili watu wakushangae. Mimi nimechagua jinsi mabaraza ya miji yanavyojiandaa wakati mashindano makubwa ya kimataifa yanapoletwa mjini kwao. Najua wengine wenu mmeshaanza kufunua kurasa mkitafuta vitendawili. Ngojeni kidogo, vitendawili havitoroki.

Sababu ya kuchagua mada hii ni shangazi yangu. Mnamo Agosti 2025 mashindano ya CHAN, yaani yale ya wachezaji wa ligi za nyumbani barani Afrika, yalichezwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Shangazi huuza mayai ya kuchemsha na kachumbari kando ya barabara iendayo kwenye kiwanja kimoja. Siku hiyo alinunua trei sita badala ya mbili, akakopa pesa kwa chama cha akina mama ili apate jiko la pili, nami kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nikawa fundi wa kukata vitunguu. Tulipofika tukakuta vizuizi vya chuma, na askari akatuambia kwamba hapo tuliposimama ni ndani ya mpaka, tusogee. Tusogee wapi? "Mbele huko." Mbele huko mashabiki hawapiti. Harambee Stars walishinda, tukasikia vifijo kwa mbali, na nyumbani tukala mayai asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu. Shangazi hakumlaumu yule askari. Aliuliza jambo moja tu: "Kwani huo mpaka ulichorwa lini, na mimi kila siku niko hapa?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Baraza, kama wajuavyo wenzetu wa Lamu na Mombasa, ni kile kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu hukaa wakazungumza mambo yao mbele ya kila mpita njia. Kutoka hapo likawa jina la mkutano, na kutoka mkutano likawa jina la serikali ya mji. Diwani ni mjumbe wa baraza hilo. Hapa Kenya mabaraza ya miji yalikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, na diwani sasa anaitwa mwakilishi wadi, ingawa mtaani kwetu wazee wanaendelea kumwita diwani, na askari wa kaunti bado ni kanjo tu. Neno la tatu ni sheria ndogo. Hizi ni sheria ambazo baraza lenyewe hutunga kuhusu masoko, takataka, mabango, maegesho na uchuuzi. Zinaitwa ndogo lakini ndizo humfikia mtu mdogo mapema kuliko Katiba yote.

Sasa twende Afrika Kusini. Nimeichagua kwa sababu Kombe la Dunia la mwaka 2010 ndilo la kwanza kuchezwa barani kwetu. Nchi hiyo ilipewa mashindano tarehe 15 Mei 2004, na yakachezwa kuanzia Juni 11 hadi Julai 11, 2010, katika viwanja 10 vya miji 9. Hebu piga hesabu. Miaka sita ya maandalizi kwa mwezi mmoja wa mpira! Watu wengi hudhani kazi hiyo yote ni ya serikali kuu na ya FIFA. La hasha. Kila mji uliochaguliwa ulitia sahihi mkataba wake na FIFA. Ndani ya mkataba kama huo baraza linaahidi kuwa na kiwanja, barabara, usalama, usafi, na pia kwamba karibu na kiwanja hakutauzwa wala kutangazwa chochote bila ruhusa. Baraza likishatia sahihi, ahadi hizo lazima zitimizwe, na chombo cha kuzitimizia ni sheria ndogo. Kwa hiyo mpaka unaochorwa ardhini kwa vizuizi vya chuma huwa umeshachorwa kwenye karatasi zamani.

Mji ninaotaka tuutazame kwa makini ni Nelspruit, ambao leo huitwa Mbombela, katika jimbo la Mpumalanga. Si jiji kubwa kama Johannesburg. Ni mji wa machungwa na maembe, karibu na mbuga ya Kruger, na hata mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Mji huo ulijenga kiwanja kipya cha watu zaidi ya 40,000 kwa zaidi ya randi bilioni moja. Kwa kweli ni kiwanja cha kupendeza. Nguzo 18 zinazoshikilia paa zimetengenezwa kwa umbo la twiga, na viti vimepangwa rangi nyeusi na nyeupe kama pundamilia. Nilipoona picha yake nilisema nami siku moja nitakaa pale.

Halafu nikasoma habari ya shule.

Mahali palipochaguliwa, panapoitwa Mataffin, palikuwa na shule mbili, moja ya msingi na nyingine ya sekondari. Majengo yake yalitwaliwa kwa ajili ya shughuli za ujenzi wa kiwanja, na wanafunzi wakahamishiwa vyumba vya muda, vile vya kuunganishwa haraka kwa mabamba. Mwenye kufahamu joto la upande ule atajua jinsi chumba cha namna hiyo kinavyokuwa saa nane mchana. Waliahidiwa shule mpya. Wakangoja. Waliandamana, na polisi wakawafyatulia risasi za mpira. Kiwanja kilipokuwa kikimalizwa mwaka 2009, wao walikuwa bado katika vyumba vya muda. Wenzangu, fikirieni kidogo. Sisi hapa tulilalamika muhula mzima kwa sababu dirisha la maabara halikuwa na kioo.

Ardhi nayo ina kisa chake. Ilikuwa mali ya jamii ya wenyeji wa hapo iliyosimamiwa na amana, na baraza likaipata kwa bei ya randi moja. Ndiyo, moja, bei ya peremende. Shauri lilipofika mahakamani jaji alifananisha biashara hiyo na ile ya wakoloni waliochukua ardhi ya Waafrika kwa kubadilishana na vioo na vifungo vinavyong'aa. Baadaye ndipo malipo ya mamilioni ya randi yalipozungumzwa. Kuhusu zabuni za ujenzi, spika wa baraza hilo, Jimmy Mohlala, alidai maelezo ya jinsi zilivyotolewa. Januari 2009 alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Naliandika jina lake hapa kwa sababu katika vitabu vyetu tunafundishwa kwamba kazi ya spika ni kusimamia mijadala, na basi. Kumbe inaweza kuwa kazi ya kufia.

Na baada ya yote hayo, Kombe la Dunia lilikaa Mbombela kwa muda gani? Mechi nne. Honduras na Chile, Italia na New Zealand, Australia na Serbia, Korea Kaskazini na Kodivaa. Kuanzia Juni 16 hadi Juni 25, mambo kwisha. Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa Juni 16 si tarehe ya kawaida. Ndiyo siku ambayo wanafunzi wa Soweto waliandamana mwaka 1976 wakipinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, wengi wakauawa, na Afrika Kusini huiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Vijana. Mechi ya kwanza ya kiwanja kile kilichowahamisha wanafunzi ilichezwa siku ya wanafunzi. Sijui kama mtu aliyepanga ratiba alikumbuka.

Kiwanja hakikufa, nisiwapotoshe. Raga inachezwa pale, na mwaka 2013 kilitumika katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Lakini walioyafuatilia mashindano hayo watakumbuka vile nyasi zilivyoharibika, wachezaji wakawa kama wanacheza ufuoni mwa bahari. Kutunza ni gharama, na gharama hiyo haiondoki na wageni. Inabaki na mlipa kodi wa mji.

Turudi kwa sheria ndogo. Miji yote mwenyeji ilitunga sheria ndogo maalumu za Kombe la Dunia kuhusu matangazo, barabara, maeneo ya wazi na uchuuzi. Ukali wa mipaka hiyo ulionekana tarehe 14 Juni 2010 huko Soccer City, Johannesburg, Uholanzi ilipocheza na Denmark. Wanawake 36 waliovaa magauni mafupi ya rangi ya machungwa walitolewa uwanjani, na wawili kati yao wakashtakiwa, kwa kuwa magauni hayo yalihusishwa na kampuni moja ya bia ambayo haikuwa mfadhili. Magauni hayakuwa hata na maandishi makubwa ya kutangaza kitu! Mashtaka yaliondolewa baadaye. Mimi nilicheka niliposoma, kisha nikafikiri kwamba ikiwa rangi ya gauni ni kosa, trei sita za mayai za shangazi zitaponea wapi?

Lakini msinielewe vibaya mkasema kwamba wananchi hawana la kufanya. Durban kuna soko linaloitwa Early Morning Market, lililoanzishwa mwaka 1910, mahali panapoitwa Warwick, penye vituo vya mabasi, treni na matatu zao, ambapo maelfu ya wachuuzi hutafuta riziki kila siku. Mwaka 2009, Kombe la Dunia likiwa limekaribia, baraza la jiji lilipanga kulibomoa soko hilo ili pajengwe duka kubwa la kisasa. Wachuuzi walikataa. Waliungana, wakapata wataalamu wa mipango ya miji na mawakili wa kuwasemea, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Duka halikujengwa, na soko likatimiza miaka yake 100 mwaka uleule wa Kombe la Dunia. Wale walikuwa wauza mboga na matunda kama wa sokoni kwetu. Tofauti ni kwamba waliona karatasi mapema, tingatinga likiwa bado halijaja.

Johannesburg nako kuna jambo ninalolisifu. Agosti 2009 jiji lilianzisha mabasi yanayoitwa Rea Vaya, yaani "tunaenda", yenye njia zake maalumu barabarani. Wenye taksi, ambazo ni sawa na matatu zetu, walipinga vikali. Baada ya mazungumzo marefu wengi wao walipewa hisa katika kampuni ya kuendesha mabasi hayo. Kombe lilikwisha, mabasi yakabaki. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maandalizi. Kitu kinachotumiwa na mtu wa Soweto siku ya Jumatatu ambayo hakuna mechi yoyote.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Kenya ilikuwa iandae Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, ikashindwa, na mashindano yakahamishiwa Afrika Kusini, ambayo hata ilitwaa kombe. Tukapewa CHAN ya mwaka 2018, tukanyang'anywa mnamo Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, ikaenda Morocco. Ile ya 2025 ndiyo tuliyofaulu, japo mashabiki walivunja utaratibu hadi idadi ya watu wa kuingia Kasarani ikapunguzwa. Na Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Magazeti yameshughulika na viwanja, na hasa kile kipya cha Talanta cha watu 60,000. Husikii sana habari ya mambo ya kaunti.

Na mambo ya kaunti ni mengi. Fungueni Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, maegesho, takataka, zahanati, zimamoto, watu wauzao chakula, zote ni kazi za kaunti. Halafu mtazame Kifungu cha 196, kinachosema kwamba bunge la kaunti lazima liwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Kumbe shangazi ana haki ya kuuliza, tena kabla ya vizuizi vya chuma, si baada. Nilipomsomea kifungu hicho alisema, "Basi andika hilo swali, wewe ndiye unayesoma."

Nimeliandika. Chama chetu kimetunga barua kwa mwakilishi wadi wetu. Tunauliza kama sheria ndogo zozote zitatungwa kwa ajili ya mwaka 2027, na rasimu itasomwa wapi na siku gani. Kama mpaka wa kiwanja utachorwa, wachuuzi wataonyeshwa ramani lini na watapewa mahali gani ambapo mashabiki hupita. Na kama kuna shule yoyote ambayo ua wake utatumiwa kuegesha magari au kuweka vifaa, wanafunzi watasomea wapi siku hizo. Shangazi aliomba tuongeze swali la choo, maana kiosk chake kiko mbali na choo cha umma na hiyo ni shida hata bila mpira. Tumeongeza.

Barua iko mezani kwa Mwalimu mlezi. Amegundua makosa mawili ya ngeli na kusema turudie ukurasa wa pili kabla ya Ijumaa.