Dondoo muhimu: Punguza mafuta kwenye ini

Ini lenye mafuta mengi mara nyingi haliumi, lakini hupata nafuu mapema ukianza mazoezi na kupunguza kitambi.

1. Pima kiuno, si kilo pekee: sentimita 94 kwa mwanaume au 80 kwa mwanamke ni dalili ya hatari.
2. Anza na lengo dogo. Mwenye kilo 90 akipunguza 4 au 5 tu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akipunguza 7 hadi 9, hata mchochota ndani ya ini hupoa.
3. Tembea haraka hadi upumue kwa kasi, dakika 30, siku 5 kwa wiki. Shuka daladala vituo viwili kabla ya chako.
4. Usiache mazoezi eti mzani haujasogea! Hapa wengi hukata tamaa bure: misuli inayofanya kazi hupunguza mafuta ya ini hata uzito usipobadilika.
5. Chuchumaa na kuinuka, piga pushapu, mara mbili kwa wiki.
6. Usijinyime chakula ili ukonde ghafla. Kupungua kwa kasi mno huweza kulidhuru ini.
7. Kunywa maji badala ya soda na juisi ya sukari. Pombe iache.
8. Usinunue dawa za “kusafisha ini”. Baadhi ya mitishamba huliharibu.
9. Wewe mwembamba mwenye kisukari, usijione salama: muulize daktari kuhusu kipimo cha ultrasaundi.