Somo la Mwezi: Je, Akiba Haiozi?

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 41:25-49, Kutoka 16:13-30, Luka 12:13-21



Kasisi wetu ameniomba niandike somo juu ya akiba ya chakula nyumbani. Alisema kwamba kwa kuwa nilifundisha sayansi kimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, najua habari za magunia na wadudu. Ni kweli, hayo nayajua, na nitayaeleza. Lakini kabla ya magunia na wadudu ninalo jambo moja la kuungama, maana bila hilo somo hili litakuwa la jikoni tu.

1. SUKARI YA MWAKA 1983

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeolewa mwaka uliotangulia. Wa umri wangu mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimegharimu taifa fedha nyingi, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa vikawa vitu adimu. Tulipanga foleni tangu alfajiri, na aliyechoka aliweka jiwe limshikie nafasi. Unga wa njano ulioletwa kutoka nje tuliuita Yanga. Mwezi Machi mwaka ule Serikali, wakati Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Baadhi ya watu waliokuwa wameficha bidhaa wakazitupa porini usiku kwa hofu.

Mimi nilikuwa na kilo 4 za sukari ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sikuipata kwenye foleni. Mtu tuliyejuana naye dukani alinipimia jioni, baada ya watu kuambiwa kwamba imekwisha.

Siku moja jirani yetu akabisha hodi. Hakutaka hata kuketi. Akasema, "Mwalimu, samahani. Mtoto anaharisha tangu jana. Zahanati wameniambia nimpe maji ya chumvi na sukari, na sukari sina. Nisaidie hata vijiko vichache."

Nikamjibu, "Pole, mama. Hata kwangu imekwisha."

Akanishukuru, akaenda zake. Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi: ndicho kipimo, na mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani. Yule mama aliipata sukari nyumba ya tatu, kwa bibi mmoja aliyekuwa na kikombe kimoja tu, na kwa rehema za Mungu mtoto akapona. Sisi sukari yetu tuliimaliza kwa chai.

Miaka mingi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumwambia yule jirani kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilijua, Mwalimu. Niliwaona sisimizi wakiingia chini ya mlango wa chumba chako." Alikuwa amenisamehe zamani, wala hakuwahi kumwambia mtu. Tangu siku hiyo nimelitafakari sana swali hili: sukari ile ilikuwa akiba au ilikuwa nini?

2. BIBLIA YATUFUNDISHA NINI

Wako Wakristo wasemao kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, kwa kuwa Bwana alitufundisha kuomba chakula cha siku kwa siku. Sisi tunaoishi huku Dodoma hatuwezi kulisema hilo kwa wepesi. Wazee wetu walitusimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, majeshi yalipochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakosa. Nchi ya mvua chache yahitaji watu wanaofikiri mbele.

Ndivyo alivyofanya Yusufu. Alimshauri Farao atenge sehemu moja katika kila tano wakati wa miaka saba ya shibe. Angalieni mambo mawili. Kwanza, alikusanya wakati wa wingi, si wakati wa uhaba. Pili, ghala zile ziliwekwa katika miji, kwa ajili ya nchi nzima. Yusufu hakujaza nyumba yake peke yake.

Katika Kutoka 16 twaona jambo jingine. Mana iliokotwa kwa kipimo, pishi kwa kila mtu, kila nyumba kwa idadi ya watu wake. Waliobakiza mpaka asubuhi kinyume cha agizo waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Kwa hiyo Mungu hakukataza kubakiza. Yapo ya kubakiza kwa utii na yapo ya kubakiza kwa hofu.

Yule tajiri wa Luka 12 naye hakukosea kwa kuwa na mavuno mengi. Someni tena maneno yake mkiwa wawili au watatu, mtaona kwamba anazungumza na nafsi yake tu. Katika mipango yake yote hamna Mungu, wala mke, wala mtoto, wala jirani. Na Mithali 11:26 yatuonya kwamba mwenye kuzuia nafaka hulaaniwa na watu, bali mwenye kuiuza hupata baraka.

3. TOFAUTI YA AKIBA NA KUFICHA

Kutokana na masomo haya nimejiwekea maswali matatu. Niliyapata kwa kuchelewa, lakini nawapa ninyi mapema.

(a) Ninanunua lini? Anayenunua gunia mwezi wa Juni au Julai, mavuno yakiwa sokoni na bei ikiwa chini, humsaidia mkulima na hamnyang'anyi mtu. Anayenunua magunia hayo mwezi wa Februari, duka likiwa karibu tupu, anaiondoa sahani ya mwenzake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikapungua na bei ikapanda sana. Aliyekimbilia kununua mfuko mzima siku zile aliongeza uhaba ule ule aliouogopa.

(b) Ninanunua kiasi gani? Kipimo kiwe watu wa nyumba yangu, kama mana. Hofu haina kipimo, hata ukiipa ghala zima.

(c) Je, naweza kuifungua mbele ya jirani? Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Chakula ambacho yakulazimu kusema uongo ili kukilinda kimekwisha kuoza moyoni mwako, hata kama bado ni kitamu mdomoni.

4. KAZI YENYEWE

Hesabu. Chukueni daftari. Mtu mzima apimiwe nusu kilo ya nafaka kwa siku, na mtoto robo kilo. Nyumba ya watu wazima 2 na watoto 4 hutumia kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Tangu Desemba hadi mwisho wa Aprili, kabla ya mavuno mapya, ni miezi 5, kwa hiyo kilo 300, nazo ni gunia 3 za kilo 100. Hicho ndicho kiasi cha kuwa nacho ndani mvua zinapoanza. Asiyeweza kununua gunia anunue debe, na asiyeweza debe atenge kibaba kila juma tangu mavuno. Haba na haba hujaza kibaba.

Kukausha. Methali husema akiba haiozi, lakini mahindi mabichi huoza. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha theluthi yake na vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri, tikisa, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji; yarudishe juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Chumvi isipoganda, yako tayari.

Sumukuvu. Nafaka na karanga zilizovunda huweza kuwa na sumu itokanayo na ukungu, iitwayo sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 nchini Kenya iliua watu zaidi ya 100, na mwaka 2016 watu walikufa kwayo hapa kwetu Dodoma na katika mkoa wa Manyara. Chagueni punje zilizooza na kuzitupa. Msiwape kuku, wala msizipeleke kwa jirani mkasema mmetoa sadaka.

Wadudu. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kutambuliwa nchini kwetu kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoboa mahindi hata yakawa vumbi, na hushambulia muhogo mkavu pia. Hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi, basi pukuchueni kwanza. Njia nzuri siku hizi ni mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia. Jaza nafaka kavu, toa hewa, funga mfuko wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha gunia. Wadudu waliomo huimaliza hewa na kufa, wala hakuna dawa inayohitajika. Mfuko uliotobolewa na panya haufai tena, kwa hiyo fagieni chumba na kuwafukuza panya kabla ya kuingiza chochote. Wanaotumia dawa ya unga wafuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na siku za kungojea kabla ya kula. Dawa ya pamba au ya mifugo isitiwe kamwe katika chakula.

Mahali. Pangeni mbao au mawe chini, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Andikeni tarehe juu ya kila gunia, na la zamani litangulie kuliwa. Wekeni nafaka, si unga, maana unga wa dona huchacha baada ya majuma machache. Sageni wa mwezi mmoja tu.

Vitu vingine. Chumvi ikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, ili madini joto yasipotee. Mafuta ya kupikia yakae gizani. Sabuni ya mche haina shida, tena ikikauka hudumu zaidi. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto hajui tofauti, na yakae mbali na chakula na moto. Dawa za hospitali si kitu cha kulimbikiza. Nunueni zile mlizoandikiwa na kuzimaliza kama mlivyoelekezwa.

5. DEBE LA JIRANI

Torati iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota (Walawi 19:9-10). Wengi wetu sasa hatuna shamba la kuachia pembe. Kwa hiyo nashauri hivi: kila nyumba inapohesabu magunia yake, iongeze debe moja na kuliandika "la jirani" tangu siku ya kwanza. Lihesabiwe pamoja na chakula cha watoto, lisiwe la kungojea kitakachobaki. Anayebisha hodi mwezi wa Februari hatakuta mabishano kati ya mume na mke, kwa sababu shauri lilikwisha kukatwa mwezi wa Julai.

Najua wapo watakaosema, "Wakija kumi je?" Ni swali la haki. Debe moja haliwezi watu kumi. Lakini ukiwa na debe unaweza kupima vibaba, na kwa wengine unaweza kusema kweli kwamba limekwisha. Mitaa ya parokia yetu nayo yaweza kuweka gunia moja moja la pamoja, funguo zikiwa kwa watu wawili na hesabu ikisomwa kanisani mbele ya wote, ili pasiwe na minong'ono.

Nyumbani kwangu lipo debe hilo, na juu yake nimeweka kopo la sukari ya kilo 1. Wajukuu wangu huniuliza kwa nini hatuitii katika chai. Sasa wakisoma gazeti hili watajua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mana ya siku ya sita haikuoza, na ile ya siku nyingine ikaoza?
2. Soma Mwanzo 47:13-26. Watu wa Misri walipona njaa, lakini waliishia kutoa mifugo, mashamba na uhuru wao ili wapate nafaka. Je, mwenye ghala ana wajibu gani kwa mwenye njaa?
3. Fanya hesabu ya nyumba yako kama tulivyoonyesha hapo juu. Umepungukiwa gunia ngapi, na utaanza mwezi gani?
4. Je, kuna kitu nyumbani mwako ambacho ungeona haya jirani akikiona?

SALA

Ee Bwana, uliyewalisha watu wako jangwani, utupe busara ya kuweka kwa kipimo na mikono ya kukausha na kutunza. Utuondolee hofu inayofunga milango. Jirani abishapo hodi, utupe ulimi wa kweli na kibaba cha kumpimia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.