Umbo la Kipepeo na Mkokoteni wa Kariakoo

Katika falsafa ya maumbile tunajifunza kwa Aristotle kwamba umbo la kiumbe na kazi yake havitenganishwi. Kigiriki chake kilikuwa na neno moja, psyche, kwa roho na kwa kipepeo. Leo tumtazame huyo wa pili.

Hapa jijini, penye mdimu au kichaka, wawili huonekana kwa urahisi. Papilio demodocus, mweusi mwenye madoa ya njano, hutaga kwenye midimu na milimau. Hupiga mabawa kwa nguvu na kugeuka ghafla. Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa, hupita polepole kana kwamba hana adui. Na kweli ndege wengi humwacha: kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini.

Sababu ya mwendo tuitafute sokoni. Mzigo wa mkokoteni ukikaa juu ya magurudumu, msukumaji hugeuza bila shida. Ukizidi nyuma, kona moja tu ya Mtaa wa Msimbazi humtoa jasho. Vivyo hivyo, kipepeo anayeponea mbio kwa kawaida ana kifua kinene chenye misuli ya mabawa, na tumbo fupi. Uzito uko karibu na shina la mabawa. Mwenye sumu mara nyingi ana kifua chembamba na tumbo refu, basi huruka taratibu, bila kona. Jike la Hypolimnas misippus halina sumu, ila limevaa rangi za Danaus na huiga hata mwendo wake. (Mkristo wa Jumapili tu, alitania mwenzetu.)

Je, mwenye misuli yu salama? La. Vipepeo wengi wa msituni hawatoki kivulini hata wakiwa na mabawa ya kutosha: nje kuna jua kali, upepo, na hakuna mti wa kulisha viwavi wao. Cymothoe teita huishi katika Vilima vya Taita, Kenya, tu, ambako msitu umebaki vipande vilivyotengwa na mashamba. Kwetu, msitu wa Pugu umekatwa mno kwa mkaa, na mkaa huo tumeupikia sisi. Parokiani tunaweza kupanda mdimu, ingawa huo utamfaa demodocus, ambaye hayumo hatarini.