SOMO: Kukata mgomba mgonjwa, hatuwezi pekee yetu



Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba (BXW) ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2001. Namna ya kuupiganisha tunaijua: kila juma tunapita shambani, tunakata chini kabisa kila mgomba wenye dalili, tunapitisha mupanga katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume tunalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Kitu kigumu ni kurudilia kazi hiyo miezi na miezi. Ugonjwa unajificha ndani ya shina majuma mengi. Leo unakata migomba miwili, posho ijayo unakuta mingine mitatu. Hapo wengi wanachoka na kusema: «Ni kazi ya bure.»

Kwa nini mmoja anaacha na mwenzake anaendelea? Mara nyingi si juu ya nguvu, ni juu ya watu wanaomzunguka. Wadudu wanabeba ugonjwa toka ua moja mpaka lingine, na mupanga wa kuazimana vilevile. Basi jirani akiacha, na wewe moyo unavunjika, tena una sababu. Lakini ukimwona anapita katika shamba lake kila posho, unajua kama jasho lako halitapotea.

Tufanye hivi:

1. Watu wanne ao watano wenye mashamba yanayopakana wafanye kikundi. Wachague siku moja, wapite mashamba yote pamoja, kama salongo.

2. Waandike katika kaye hesabu ya migomba iliyokatwa kila juma. Macho yanasahau, kaye itaonyesha kama hesabu inashuka.

3. Tusicheke mwenye migomba mingi migonjwa. Akipata haya ataficha, na ugonjwa uliofichwa utafika kwetu sote. Tumsifu anayeonyesha mapema.

4. Mwenzetu akikosa mara mbili, tumfikie nyumbani. Pengine ni mgonjwa, ao hana mupanga. Tumsaidie kwanza, maneno baadaye.

Maulizo ya kuzungumuzia katika kikundi: Ni nani kati yetu amekwisha kuacha, na ni kitu gani kilimchokesha? Posho ijayo tutaanzia katika shamba la nani?

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.