KIEBRANIA SI MBALI NASI

Kuna fikira iliyoenea miongoni mwa vijana wetu wasomao, nayo ni hii: kwamba Kiebrania, lugha ya sehemu kubwa ya Agano la Kale, ni mali ya mabingwa wa Ulaya, na kwamba Mwafrika hawezi kuifikia pasipo kushikwa mkono na Kiingereza au Kilatini. Fikira hii ina madhara. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya mwaka 1965, ulitaka tafsiri za Biblia zifanywe hasa kutoka maandiko ya asili. Basi nani atawafanyia Waswahili kazi hiyo, na nani ataipima ikiisha fanywa, kama wana wa nchi wamekwisha kata tamaa kabla ya kuanza?

Hatusemi kwamba Kiebrania ni chepesi. Twasema tu kwamba mlango wake mmoja, tena ulio mkubwa, u wazi zaidi kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa Mwingereza. Mlango huo ni namna ya kusimulia habari.

Tumsikilize mzee wa Igalula, mashariki ya Tabora penye reli ya kati, akisimulia habari za babu yake aliyekuwa mpagazi zamani za misafara: "Babu alitoka Unyanyembe, akachukua mzigo wa pembe, akapita Ugogo, akafika Bagamoyo, akatua, akarudi." Msomaji aangalie vema. Silabi LI imetajwa mara moja tu, mwanzoni. Baada yake yafuata KA, KA, KA, kama wapagazi wafuatanao njiani. KA hufanya kazi mbili kwa pamoja: yatuambia kwamba jambo limepita, tena kwamba limefuata lile lililotangulia. Mwingereza hana silabi ya namna hiyo. Hana budi kuongeza neno la "na" au "kisha".

Mwebrania anayo. Kwake "akaondoka" ni *wayyaqom*, "akaenda" ni *wayyelek*, "akarudi" ni *wayyashob*. Katika kila neno mna WA, yaani "na", iliyoshikamana na tendo. Hufuata Y, inayomtaja mtendaji kama A yetu ifanyavyo katika "akaenda". Kisha shina la tendo lenyewe. Kama kwetu, neno moja latosha kuwa sentensi nzima. Mtendaji akitajwa kwa jina, kwa kawaida huwekwa nyuma ya tendo, kama tusemavyo, "Akaja mgeni."

Faida ya elimu hii yaonekana pale mnyororo unapokatika. Tutwae sura ya kwanza ya kitabu cha Yona. Nabii anapokimbia, Kiebrania chafululiza matendo matano ya namna hiyo: akaondoka, akashuka mpaka Yafa, akapata merikebu, akalipa nauli, akashuka ndani yake. Yote ni ya Yona, na yote yakimbia. Mara, katika aya ya nne, mnyororo wakatwa: jina la Bwana latangulia mbele ya tendo, na tendo lenyewe, la kutupa upepo mkuu baharini, lasemwa kwa namna nyingine, iliyo karibu na LI yetu. Ni kama msimulizi amenyanyua mkono, akasema: Yona amefanya yake, sasa mtazameni huyu. Katika aya ya tano mabaharia wanaogopa, wanalia, wanatupa shehena, tena kwa mnyororo. Kisha wakatika mara ya pili, na jina la Yona latangulia: naye alikuwa amekwisha shuka chini. Wengine wahangaika, yeye amelala. Mfasiri anayetia KA kila mahali huificha tofauti hiyo, na mhubiri anayemfuata hataiona.

Hata hivyo yatupasa kuonya mambo matatu. La kwanza, si kila mnyororo ukatikao una maana ya siri. KA yetu haina ukanusho: twasema "akaja, wala hakukaa", hatuna njia ya kukanusha kwa KA. Kadhalika Kiebrania: neno *lo*, yaani "si", likiingia kati ya WA na tendo, mnyororo hukatika kwa sheria ya lugha tu. La pili, Kiebrania hutenga mwanamume na mwanamke. Sisi twasema "akaenda" kwa wote wawili. Wao husema *wayyelek* kwa mwanamume na *wattelek* kwa mwanamke. Tena kwetu KA hutaka kitu cha kufuata, lakini kitabu cha Yona chaanza moja kwa moja na *wayehi*, yaani "ikawa".

La tatu, tusidanganyike kwamba kufanana huku ni udugu. Maneno kama *salamu*, *damu* na *safina* yana ndugu zao katika Kiebrania: *shalom*, *dam* na *sefina*, na hili la mwisho limo katika aya ile ile ya tano ya Yona. Lakini maneno hayo tuliyapata kwa Kiarabu, ndugu wa Kiebrania. Yalianzia pwani, na pamoja na Kiswahili yakapanda bara kwa njia ile ile ya misafara iliyopita Unyanyembe. KA haikuletwa na msafara wowote. Ni ya Kibantu, nasi twaitumia bila kufundishwa. Kufanana kwake na Kiebrania kumetokana na haja moja ya wasimulizi wote: kumwonyesha msikilizaji lipi lafuata lipi.

Basi kijana wa Igalula, wa Goweko au wa Tabora mjini, anayetamani kujifunza lugha hii, asingoje kitabu kutoka ng'ambo. Aanze kwa Biblia ya Kiswahili aliyo nayo. Asome sura ya kwanza ya Yona, apige mstari chini ya kila KA, kisha asimame katika aya ya nne na ya tano, atazame kama mfasiri ameuhifadhi mkato au ameupoteza. Akiweza kujibu swali hilo, amekwisha tia mguu mmoja ndani ya Kiebrania. Herufi atazipata kwa mwalimu. Sikio analo tayari, nalo alipewa na wazee wake.