Kufundisha Sauti ya Herufi l katika Darasa la Kwanza

Utangulizi

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka shabaha ya kumpatia kila mtoto wa Tanzania nafasi katika shule ya msingi ifikapo Novemba 1977. Lakini kupata nafasi ni jambo moja, na kujua kusoma ni jingine. Hapa Mara njia ya mtoto huweza kuzibwa na herufi moja tu. Kikurya, na lugha kadhaa zilizo jamaa nacho, zina sauti ya r lakini hazina l. Mtoto mwenye lugha ya namna hiyo, awe Butiama au Bunda, huja shuleni na sikio lililozoea r.

Katika somo moja la mazoezi ya kufundisha nililolikagua, mtoto alionyeshwa neno kalamu, akasoma "karamu". Wenzake walicheka, mwanachuo akamwandikia kosa, na mtoto hakufungua kinywa tena hadi kengele ilipolia. Baada ya kipindi nilimpa neno lile lile pamoja na picha mbili: ya kalamu na ya watu karamuni. Aligusa kalamu bila kusita. Maana aliipata, kilichomshinda ni ulimi.

Hatua za somo

1. Sikio. Funika kinywa chako kwa daftari, kisha utamke maneno mawili mawili: kula, kura; kalamu, karamu; mahali, mahari. Watoto wainue mkono wasikiapo l. Usiwatake watamke lolote bado, kwani asiyeisikia tofauti hawezi kuitamka.

2. Ulimi. Ncha ya ulimi iguse ufizi nyuma ya meno ya juu na itulie hapo, pumzi ipite pembeni. Katika r ncha hugonga na kuachia mara. Kwa hiyo l huweza kurefushwa: llla. Kioo kidogo kitawasaidia. Toa sauti tupu, usitaje jina la herufi; aliyekariri "eli" hushindwa kuunganisha l na a apate la.

3. Jicho. Andika l ubaoni, kisha la, le, li, lo, lu, na maneno lala, lima, lia. Siku hiyo usiandike r.

4. Mkono. Waandike hewani, kisha mchangani, kisha daftarini. Malizia kwa imla ya maneno matatu.

Tahadhari

Tenganisha kosa la matamshi na kosa la kusoma. Usikubali mtoto achekwe, wala usiikataze lugha ya nyumbani kwao. Katika madarasa ya mjini Musoma, ambako lugha huchanganyika, mtoto anayesema Kijaluo anazo l na r zote mbili; mfanye kiongozi wa kundi. Mwisho, jisikilize mwenyewe. Baadhi yetu walimu wa Mara tuna ulimi ule ule, na darasa hufuata kinywa cha mwalimu kabla ya kufuata ubao.

Maswali

1. Kwa nini sikio hutangulia ulimi katika somo hili?
2. Tafuta jozi nyingine mbili za maneno yanayotofautishwa na l na r.
3. Mtoto ameandika "karamu" chini ya picha ya kalamu. Eleza utakavyomsaidia pasipo kumwaibisha.